Jimbo la Texas Dhidi ya Pikapu Moja ya Kijani

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Oktoba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Verlene Hadnot alikuwa kwenye barabara ya kuingia Ludell, akiendesha pikapu ya kijani ya marehemu mumewe, Otha, na kuvuta tela lenye jiko la kuchomea nyama, alipoona taa za polisi kwenye kioo. Akapunguza mwendo, akasogea kando, akateremsha dirisha. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na vidari vinne vya ng'ombe, vilivyokaa kwenye moshi wa mwaloni tangu jana yake, vimefungwa karatasi na kufunikwa taulo. Vilikuwa chakula cha mchana cha wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Verlene alikuwa na miaka sitini na miwili, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimweka mjini tangu azikwe Otha.

Askari aliyeshuka alikuwa Tanner Wofford, kijana wa ofisi ya sherifu, ambaye alikuwa amekula nyama ya Verlene mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri akiwa kazini.

"Bi Verlene, umehama njia bila kutia indiketa."

"Barabara hii ina njia moja tu, Tanner."

"Ndiyo maana kosa ni kubwa."

Akamtoa mbwa. Mbwa wa sherifu wa Kaunti ya Talmadge aliitwa Gideon, alikuwa na beji shingoni na cheo cha koplo. Akizunguka gari kisha akaketi, sheria inahesabu kwamba amenusa dawa za kulevya. Gideon alikuwa ameshaketi mbele ya magari mia tatu na kumi na mawili, basi moja la wanakwaya, na mara moja mbele ya jeneza. Aliizunguka pikapu nusu, akaona jua limempata vizuri, akaketi.

Nyuma ya kiti Tanner alikuta vifuko arobaini vya plastiki vyenye unga wa kahawia.

"Hiki nini?"

"Viungo. Chumvi, pilipili manga, pilipili ya kusaga na majani. Wewe mwenyewe ulivila Pasaka ukalamba na sahani, unajisahaulisha?"

Tanner alitumbukiza kijiti cha kupimia kwenye unga. Kijiti kikawa cha buluu, yaani ni dawa za kulevya. Kijiti hicho kiliwahi kuwa cha buluu kwenye sukari, kwenye poda ya mtoto na kwenye majivu ya bibi mmoja wa Houston aliyekuwa akipelekwa baharini na wanawe. Tanner akaandika kwamba kimekuwa cha buluu. Kisha akatoa fomu, akaiweka juu ya boneti, akaishika isipeperuke.

"Ukitia sahihi hapa kwamba unaiachia kaunti pikapu na tela, unakwenda nyumbani sasa hivi. Usipotia, itabidi nianze kufikiria mambo mengine."

"Hebu anza kufikiria, nikuone," Verlene alisema. "Hujawahi."

Hakutia sahihi, na pikapu na tela vikachukuliwa vivyo hivyo. Dadake, Earnestine, alikuja kumchukua kando ya barabara, na vidari vinne vikaingia ofisini kwa sherifu kama ushahidi. Hadi saa saba mchana ushahidi wote ulikuwa umeliwa.

Maabara ya Houston ilileta majibu wiki tatu baadaye: chumvi, pilipili manga, pilipili ya kusaga na majani. Aliyepima aliongeza kwa kalamu kwamba labda chumvi ingepunguzwa kidogo. Verlene akapanda gari la Earnestine, akaenda na barua ile mahakamani kuchukua pikapu yake, akakuta karani amemwandalia karatasi nyingine. Ilikuwa na kichwa cha maneno kwa herufi kubwa: JIMBO LA TEXAS DHIDI YA PIKAPU MOJA YA KIJANI YA MWAKA 1994.

"Sasa mimi nimeshtakiwa nini?"

"Wewe hushtakiwi, mama. Wewe huna hata doa," karani alisema kwa upole. "Anayeshtakiwa ni gari."

"Gari limefanya nini?"

"Hilo litajieleza lenyewe siku ya kesi."

"Litapewa wakili?"

"Wakili wa bure ni wa watu, mama. Gari si mtu."

"Kama si mtu linashtakiwaje?"

Karani aliangalia orodha ya maswali aliyoruhusiwa kujibu, akaona hilo halimo, akamtakia siku njema. Wakili pekee wa Ludell alimwambia Verlene ukweli bila kumzungusha: kwa ada yake ya kesi kama hiyo mtu angenunua pikapu mbili za namna ile, na moja ingekuwa na redio inayofanya kazi. Verlene akasema basi atasimama mwenyewe. Bila pikapu hangeweza kuvuta jiko, na bila jiko hakuwa na cha kuuza. Na tena, jamani, ilikuwa pikapu ya Otha. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake, na jioni nyingine, alipokuwa bado nayo, Verlene alikuwa akienda kukaa mle ndani bila kuiwasha.

Nakala ya mashtaka ya pikapu ilipelekwa yadi ya sherifu na kubanwa chini ya waipa. Ilibanwa maandishi yakiwa nje, kwa hiyo pikapu ilibidi iyasome kwa nyuma kupitia kioo. Ilichukua karibu majira yote ya baridi.

Siku ya kesi ilikuwa Jumanne ya mwezi Machi. Saa mbili na nusu pikapu ilijiwasha, ikatoka yadini na kushika barabara ya kwenda mahakamani, ikisimama kwenye kila alama ya kusimama na kutia indiketa hata pale ambapo haikuwa inapinda popote. Ilipanda kwa njia ya viti vya magurudumu. Askari wa mlangoni aliiambia ipanguse matairi, ikapangusa, ikaingia na kuegeshwa mahali pa mshtakiwa. Tela nalo lilikuwa limeshtakiwa kwa kesi yake peke yake, lakini kwa kuwa halina injini halikufika, na hukumu ikatolewa dhidi yake kwa kutokuhudhuria. Jiko la Verlene lilikwenda hivyo hivyo, kabla hata kahawa ya jaji haijapoa.

Jaji alikuwa Harlan Dees, mtu mzima mwenye nyusi nzito. Upande wa jimbo alikuwapo mwendesha mashtaka Kendra Stallcup, mwanamke nadhifu ambaye ofisi yake ilipata fungu katika kila kitu kilichotaifishwa. Fungu kubwa zaidi lilikwenda kwa sherifu Royce Mabry, aliyeketi safu ya mbele na kofia yake magotini. Mwaka uliopita sherifu alinunua boti ya doria. Kaunti ya Talmadge haina ziwa wala mto wa kuzamisha bata. Boti ilikaa nyuma ya ofisi na kuoshwa kila Jumatatu.

"Mshtakiwa ainue mkono wa kulia," karani alisema.

Pikapu ikafungua mlango wa kulia. Ikaapa. Sauti yake ilitoka mahali fulani karibu na rejeta, nzito kidogo, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na baridi.

"Ulikuwa kwenye barabara ya kuingia Ludell siku ya tukio?" Bi Stallcup aliuliza.

"Nilikuwepo, bibi."

"Koplo Gideon aliketi mbele yako?"

"Aliketi. Yule huketi."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo, bibi."

Koplo Gideon, aliyekuwa ameletwa kama shahidi, alisikia jina lake. Akainuka, akazunguka chumba, akaenda kuketi mbele ya meza ya jaji, akimwangalia Jaji Dees machoni. Chumba kizima kikatazama dari. Hakuna aliyeomba kibali cha kumpekua jaji, na mwandishi wa mahakama akapumzisha vidole hadi mbwa alipoondolewa.

Verlene alipewa zamu yake. Akasimama na barua ya maabara mkononi. Alisema unga ule ulikuwa viungo, na kwamba wote waliomo humo ndani wanavijua viungo hivyo, kuanzia askari Tanner hadi sherifu mwenyewe, ambaye bado ana deni la adabu la kumshukuru kwa vile vidari vinne. Watu wakacheka. Sherifu naye akacheka, kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Kisha Verlene akaiuliza pikapu kama siku ile ilibeba dawa zozote.

"Hapana, mama. Siku ile nilibeba nyama."

"Mmesikia," Verlene akasema, akaketi. Kwa dakika nzima aliamini kwamba amemaliza kazi.

Bi Stallcup akainuka tena, akivuta ukosi wa koti.

"Achana na siku ile. Katika maisha yako yote ya barabarani, umewahi kubeba kitu kilichokatazwa?"

Waipa za pikapu zilikwenda mara moja na kurudi, ingawa hapakuwa na mvua.

"Nyamaza!" Verlene aliruka kutoka kitini. "Usimjibu huyo! Mheshimiwa, ina haki ya kukaa kimya!"

"Haki ya kukaa kimya ni ya watu, Bi Hadnot," Jaji Dees alisema. "Kitu hakina haki hiyo. Kitu kinatakiwa kijibu."

"Ala! Kwenye wakili si mtu, kwenye kunyamaza si mtu, kwenye kushtakiwa ndiyo mtu?"

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Mheshimiwa, babu wa babu yangu alikuwa mtumwa, akaandikwa kwenye daftari la mali katika kaunti hii hii, kati ya nyumbu na jembe. Alikuwa na ulimi wake na akili zake, na hakuna jaji aliyemuuliza neno hata moja. Leo mnaiapisha pikapu. Mimi nataka kujua tu ni lini mliamua kuanza kusikiliza mali."

Jaji Dees alizipanga upya karatasi zake. Masikio yalikuwa yamemwiva. Alisema mahakama imesikia, na kwamba mshtakiwa ajibu.

Sasa, kosa lilikuwa la Otha. Kwa miaka ishirini, kila Jumapili, Otha aliiegesha pikapu kwenye ukanda mwembamba wa kivuli uliokuwa kando ya dirisha la kanisa, dirisha ambalo halikufungika vizuri. Ilisikia mahubiri hamsini na mawili kwa mwaka, na mwaka wa uchaguzi wa mashemasi ilisikia zaidi. Haikuwahi kusinzia kama waumini wengine. Ilikuwa pikapu iliyolelewa, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

"Mwaka elfu mbili na kumi na moja, mwezi wa nane," ilisema. "Marehemu Otha alimpa lifti mtu mmoja pale daraja la reli. Mtu huyo alikuwa na soksi moja nene kuliko nyingine."

"Ndani ya soksi mlikuwa na nini?"

"Bangi, bibi. Msokoto mmoja na nusu."

"Otha Hadnot alijua?"

"Hakujua."

"Wewe ulijua?"

"Nilisikia harufu."

"Na ukaendelea na safari?"

"Niliendeshwa, bibi."

"Lakini ulijua."

"Nilijua," pikapu ilisema, na taa zake zikafifia kidogo.

Bi Stallcup alimkumbusha jaji kwamba katika kesi za namna hii jimbo halihitaji kuondoa shaka yote. Inatosha mizani ionekane imelala upande mmoja. Jaji Dees akaona imelala. Alisema hakuna hata mmoja mwenye shaka na Bi Hadnot, mwanamke mwadilifu na mpishi hodari. Mwenye hatia hapa ni gari, ambalo limekiri kwa kinywa chake. Pikapu ikawa mali ya Kaunti ya Talmadge. Verlene alikwenda kuweka mkono juu ya boneti, iliyokuwa bado na joto.

"Nimesema kweli, mama," pikapu ilisema.

"Najua. Otha alikuharibu."

Akalia hapo hapo mbele za watu, na hakujifuta.

Mwezi Mei mambo yalifika Austin, mji mkuu wa jimbo. Bunge la Texas hukaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, na mwaka huo lilikuwa limekaa. Kulikuwa na muswada wa kuzuia polisi wasichukue mali ya mtu ambaye hajatiwa hatiani, na muswada huo uliletwa na wabunge wawili ambao hawakuwa wamewahi kukubaliana hata juu ya saa ya chakula. Mmoja alikuwa mkulima wa magharibi, mwenye bastola kiunoni, aliyeamini kwamba serikali haipaswi kumgusa mtu hata kuku wake. Wa pili alikuwa mwanamama wa Houston, wakili, aliyeamini kwamba serikali imewagusa watu weusi vya kutosha. Walimwalika Verlene atoe ushahidi. Wakaiomba na pikapu kwa barua, na sherifu akaipa ruhusa ya siku moja, mradi ijaziwe mafuta kwa gharama ya bunge.

Masherifu walikuja wengi, safu tatu za kofia. Royce Mabry alizungumza kwa niaba yao. Alisema wauza unga wakubwa wangeshangilia sana muswada ule ukipita, na kwamba kila pikapu inayotwaliwa ni usingizi mzuri kwa mtoto fulani mahali fulani.

"Wauza unga wakubwa wangapi mmewakamata Talmadge?" mbunge mwenye bastola akauliza.

"Hilo ndilo linaonyesha jinsi sheria inavyowaogopesha."

"Na boti?"

"Boti ni ya tahadhari, mheshimiwa. Ziwa likitokea tutakuwa tayari."

Kila shahidi alipewa dakika tatu. Verlene alizitumia zote, akaongeza moja kwa ubishi, na mwenyekiti akashindwa kumkatisha kwa sababu alikuwa anamwita "mwanangu." Pikapu ilitumia dakika mbili kupasha injini moto. Katika dakika iliyobaki ilisema kwamba ina hatia ya msokoto mmoja na nusu, kwamba mwenye soksi hakutafutwa na mtu yeyote hadi leo, na kwamba mama Verlene hana jiko. Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Hata masherifu wawili watatu walipiga, kabla Mabry hajawageukia. Baadaye wabunge wa pande zote walipanga foleni kupiga picha wameegemea boneti, na mtoto wa mtu akawekwa juu ya bodi ya nyuma akiwa na kibendera.

Mwenyekiti alisema ushahidi umemgusa sana na kwamba jambo hili linahitaji kuchunguzwa zaidi. Alikuwa amesema hivyo hivyo kikao kilichotangulia, ilipotoa ushahidi nyumba ya bibi mmoja wa Laredo. Bunge lilifungwa siku ya mia na arobaini bila kura kupigwa. Wabunge wakaenda nyumbani, na pikapu ikarudi yenyewe yadini kwa sherifu, maana ndiko ilikoamriwa kurudi. Kule ilipakwa rangi nyeupe, ikachorwa nyota mlangoni na kufungwa ndoano nyuma, na kazi yake mpya ikawa kuvuta magari yaliyotwaliwa.

Tarehe kumi na tisa Juni, siku watu weusi wa Texas wanaposherehekea habari ya kukombolewa utumwani iliyowafikia kwa kuchelewa, Verlene alichomea nyama uani kwa kanisa kwenye pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Earnestine alikatakata vitunguu na kulalamika moshi. Nyama ilitoka ngumu upande mmoja. Watu waliila na kusema ni nzuri, na Verlene alijua kwamba wanamwonea huruma, jambo lililomkera kuliko ugumu wenyewe.

Kwenye saa sita mchana pikapu ilipita ikiwa na kazi. Ilifika kwenye alama ya kusimama mbele ya kanisa, ikasimama kisheria. Tanner Wofford alikuwa kwenye usukani, akijifanya kuangalia simu. Nyuma, kwenye ndoano, kulikuwa na kigari kidogo cha rangi ya maziwa, magurudumu ya mbele yakiwa hewani.

Verlene akaja hadi ukingoni mwa barabara, koleo la nyama mkononi.

"Wanakutunza?"

"Wananitia oili rahisi, mama."

"Na kiti?"

"Wamekibadilisha. Walisema kimebonyea."

Verlene alipangusa vumbi kwenye taa ya mbele kwa aproni, polepole, kisha na ya pili. Tanner alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wana haraka kidogo, Bi Verlene, samahani. Verlene hakumtazama. Akapita nyuma, kwenye kigari kilichoning'inia, akainama karibu na rejeta yake.

"Umechukuliwa kwa nini wewe?"

"Mbwa aliketi," kigari kikasema. Kilikuwa na sauti nyembamba na kilitetemeka. "Wamesema nitapata siku ya kujieleza."

"Utapata. Sasa nisikilize vizuri. Wakikuuliza kama umewahi kubeba chochote, sema hujawahi. Wakikuuliza kama ulisikia harufu, sema huna pua. Danganya, umenielewa? Danganya mpaka mwisho."

Kigari kilifikiri. Pikapu mbele yake ilikuwa imeshaanza kusogea, na indiketa yake ilikuwa inawaka.

"Siwezi, mama," kikasema. "Mimi ni gari la mchungaji."